Mada ya Moto, Darasa la Tatu

Jumatatu, 7 Oktoba

Asubuhi kavu. Upepo kutoka upande wa makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu, vumbi jeupe mpaka ndani ya kikombe cha chai. Wingu hakuna.

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Nimefagia, nimekagua mfuko: mishumaa miwili, kiberiti, glasi, chupa ya jemu, kitambaa kilicholoweshwa. Leo mada ya moto imeanza kwa vitendo.

Mwezi uliopita vyumba vitatu vya mabanzi viliungua nyuma ya soko. Watoto wangu walikwenda kushangilia. Mmoja alimwaga maji kwenye karai la mafuta ya samaki, moto ukapanda mpaka kwenye bati, kesho yake akasimulia darasani kama anasimulia sinema. Ndipo nilipomwomba Mwalimu Mkuu wiki mbili. Amenipa kwa sababu walimu wote wako na darasa la nne na mtihani wa taifa, na darasa la tatu halina anayelitaka. Mimi ni wa kujitolea. Kidato cha nne, mwaka wa pili hapa. Nachukua kinachobaki.

Wanafunzi sitini na wawili. Nimefunika mshumaa kwa glasi. Umezimika. Kelele. Kulwa amesimama juu ya dawati: "Kumbe moto nao unapumua!" Nimemshusha, lakini nimemkubalia. Vitu vitatu: kinachoungua, hewa, joto. Ondoa kimoja, moto hakuna. Wameandika.

Minza wa dawati la pili hakushangilia. Aliuliza petroli unaiondolea nini. Nimemwambia kesho.

Baada ya kipindi amenifuata. Baba yake anawauzia bodaboda petroli. Madumu manne yanakaa ndani ya chumba wanacholala, mama anapikia mlangoni. Amenieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kwao kuna paka.

Sikupenda. Naandika nisije nikajifanya sikusikia: madumu manne.


Jumanne, 8 Oktoba

Upepo tena. Koo linawasha.

Leo moshi wa mshumaa. Unawasha, unapuliza, moshi unapanda. Unashika njiti ndani ya moshi, vidole vinne juu ya utambi, na moto unaruka wenyewe kurudi chini. Nimerudia mara saba, wamepiga kelele mara saba. Mwalimu Mkuu amechungulia dirishani, akaenda zake.

Nimewaeleza kwamba kinachowaka si nta, ni mvuke wake. Petroli hivyo hivyo, ila yenyewe haisubiri kupashwa. Inatoa mvuke muda wote, hata ukiiacha kivulini, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni. Huuoni. Ukikutana na jiko, moto unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye chupa.

Shaabani amesema kama nyoka. Nimeandika ubaoni: kama nyoka. Watakumbuka hilo kuliko mengine yote.

Swali la Minza nimelijibu. Maji hapana, petroli inaelea juu yake na kusafiri nayo. Mchanga, ndiyo. Unaondoa hewa.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aje na kopo moja la mchanga tujaze ndoo za moto.


Jumatano, 9 Oktoba

Makopo kumi na tisa tu. Wengine wamekatazwa. Mtoto mmoja amesema mama yake ameuliza mwalimu ni mgeni wa wapi, anayeomba mchanga wa watu.

Mgeni wa Shinyanga, mama, mayu. Saa tatu za barabara. Lakini ana haki. Hapa mchanga unaokaa uani ni marudio. Umeshaoshwa dhahabu mara moja, unasubiri lori la wenye mitambo waje watoe iliyobaki. Nimeomba watoto wa watu waje na akiba ya nyumba kwenye makopo.

Tumechota wa barabarani. Ndoo nne zimejaa. Nimezipanga barazani, nimezifunika kwa mifuniko.


Alhamisi, 10 Oktoba

Mawingu kidogo upande wa ziwa. Hayakufika.

Ndoo mbili tupu. Mlinzi wetu, Mzee Ndalahwa, hakushtuka hata kidogo.

"Mwalimu, wewe umechukua mchanga, ukautia kwenye ndoo, ukaufunika. Hapa mtu akiona mchanga umefunikwa anajua una kitu."

"Ni wa barabarani, mzee."

"Ungeuacha barabarani."

Nimejaza upya. Mifuniko nimeitoa. Kwa chaki nimeandika kila ndoo: SI MALI. Mzee amecheka mpaka akakaa chini.

Darasani nimewapa hatua. Napenda hatua. Kitu kikiwa na namba mtoto hapotei. Nimeandika kwa herufi kubwa:

1. Angalia kinachoungua.
2. Zima kwa kinachofaa: mafuta funika, petroli mchanga.
3. Ita mtu mzima.
4. Toka nje, usirudi.

Wameziimba wakipiga makofi, kofi moja kila hatua. Minza ndiye aliyeongoza. Ana sauti ya kwaya, na hakosei. Walipotoka kwenda nyumbani niliwasikia mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga. Nimefurahi kupita kiasi. Nasema kweli.


Ijumaa, 11 Oktoba

Ndoo zote nne tupu. Mzee Ndalahwa anasema maandishi yangu ndiyo yaliyowaita waliokuwa hawajasikia.

Jioni nimekwenda kwa akina Minza. Nimejilazimisha. Nimepita mlango wao mara mbili kabla ya kubisha.

Chumba kimoja cha mabanzi, bati juu, mlango mmoja, dirisha hakuna. Madumu ni matano, si manne. Yako chini ya kitanda. Juu ya kitanda mdogo wake Minza, Shija, miaka mitatu, amelala usingizi mzito, miguu wazi. Mlangoni jiko la mkaa, maharage. Nje ya mlango, ubavuni, viroba kumi na moja vya marudio vimepangwa kama ukuta. Mama Minza alinikaribisha kiti, akatuma soda.

Nilianza vizuri. Nilisema mvuke, nilisema sakafuni. Baba Minza alinisikiliza akitabasamu.

"Mwalimu, petroli yangu ina adabu kuliko hao wanafunzi wako. Mwaka wa nne huu inalala chini ya kitanda, haijawahi hata kukohoa."

"Basi hata mchanga uwe karibu, Baba Minza. Ndoo moja tu."

"Mchanga?" Aligonga kiroba kwa kiganja. "Ninao kumi na moja. Huu haugusi mtu. Hata Minza anajua. Minza, mchanga wa baba unaguswa?"

Minza alikuwa anaosha vyombo. Alisema hauguswi. Baba yake akacheka, mama akacheka, na mimi nikacheka.

Baba Minza yumo kwenye kamati ya shule. Kamati ndiyo inayoamua mwaka ujao nani wa kujitolea anabaki. Nilipaswa kusema yatoeni madumu leo. Nilikunywa soda nikaaga.

Mwoga. Hakuna neno jingine.


Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa nahesabu milango ya kanisa. Mitatu.


Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, shule imefungwa. Upepo mkali tangu asubuhi, umeng'oa turubai la muuza mitumba.

Nimefua, nimepiga pasi, nimepanga vitabu kwa urefu, nikavipanga tena kwa masomo. Siwezi kukaa. Nimeandika barua kwa mtendaji wa kata kuhusu petroli inayouzwa majumbani, ukurasa mmoja na nusu, bila kutaja jina. Nimeisoma. Kila mtu angejua ni nani na imetoka kwa nani. Nimeichana.

Mchana nimepita sokoni. Nimehesabu vibanda vinavyouza petroli kwa chupa kati ya hapa na stendi, nikaacha kuhesabu. Mama Zuhura, jirani wa ukuta kwa ukuta na akina Minza, ana duka la mchele na vitenge. Mtu wa Ujiji, hana haraka na maneno. Nilimuuliza kama hausikii ule mnuko. Akasema, "Nausikia, mwanangu. Nimeuzoea. Hilo ndilo baya lenyewe."

Kesho nitarudi kwa Baba Minza. Nimeandika, kwa hiyo nitakwenda.


Jumanne, 15 Oktoba

Sikwenda. Mwalimu Mkuu alinipa madaftari ya darasa la nne nisahihishe. Nilishukuru kupata kisingizio.

Darasani: nguo zikishika moto. Simama, lala, bingirika. Wamebingirika wote sitini na wawili uwanjani, wakarudi wekundu kwa vumbi. Halafu majeraha ya moto: maji safi ya baridi, dakika ishirini. Si yai, si dawa ya meno, si unga.


Jumatano, 16 Oktoba

Naandika kwa mpangilio.

Saa kumi na moja kasoro jioni. Nilikuwa bado shuleni. Kulwa alikuja mbio, kifua wazi. "Mwalimu, kwa akina Minza." Niliuona moshi kabla hajamaliza. Mweusi.

Nilikimbia. Viatu nimeviacha mahali, sijui wapi.

Nilipofika mlango wote ulikuwa moto. Baba Minza ndiyo kwanza alikuwa amefika, anachana viroba kwa kisu na kumwaga, chana na kumwaga, analia kwa sauti. Wanaume wengine wakashika viroba vingine. Kiroba cha sita moto ukalala. Cha nane ukazimika, kabla haujashika madumu. Mchanga unafanya kazi. Niliona kwa macho yangu.

Shija alishatolewa. Mama Zuhura alikuwa amevunja mabanzi mawili ya ukuta wa nyuma kwa mtwangio akamvuta kwa mkono mmoja. Alikuwa hai. Analia, na nilishukuru kwamba analia. Miguu yote miwili, kuanzia magotini kushuka. Mwanamke mmoja alikuwa ameshafungua dawa ya meno. Nilimpokonya. Nikaomba maji. Mtu akasema dumu lile ni la kununua. Sijui nilimjibu nini, lakini maji yalikuja. Nilimwagia miguu ya Shija dakika ishirini kwa saa yangu. Nilikuwa namwagia na kuhesabu. Mama Minza alifika kutoka kisimani katikati ya dakika ya tisa. Sitaandika alivyolia.

Minza alikuwa amekaa chini peke yake, sufuria mapajani. Viganja vimeungua. Nilimwagia na yeye.

Gari la mchimbaji mmoja limewapeleka Kahama, Shija na wazazi wake. Minza amefungwa viganja kwenye zahanati yetu. Nilikaa naye. Hapo ndipo aliponieleza, bila kuulizwa, taratibu, kama anayejibu swali la darasani.

Baba alimimina petroli kwenye chupa pale mlangoni, ikamwagika, akaipeleka chupa kwa mteja kule stendi. Jiko lilikuwa na maharage. Minza yuko nje na vyombo. Moto ukaruka, kama kwenye mshumaa, amesema. Shija ndani, amelala.

Akaangalia kinachoungua. Petroli. Namba mbili, mchanga. Viroba vilikuwa hapo hapo, angeweza kuvigusa kwa kiwiko. Lakini huo ni wa baba. Akachukua sufuria akakimbia barabarani kuchota. Akarudi, akamwaga. Akaenda tena. Akarudi. Mara ya tatu sufuria ilikuwa ya moto, ndiyo iliyomuunguza viganja. Hakupiga kelele. Kuita ni namba tatu, na namba mbili alikuwa hajamaliza.

Mama Zuhura alitoka kwa sababu ya moshi.

"Mwalimu," amesema, "kutoka ni namba nne."


Alhamisi, 17 Oktoba

Sikulala. Sijui hali ya hewa.

Namba nne. Niliiweka ya nne. Ni mimi niliyeiweka ya nne, kwa sababu nilitaka kwanza wajue sayansi. Nilitaka waonyeshe wanachokijua. Mtoto wa miaka tisa.

Leo watu wananipongeza. Huko sokoni, huku ofisini. Mwalimu Mkuu amenisimamisha mbele ya walimu: mtoto wa darasa la tatu hakumwaga maji juu ya petroli, alijua mchanga, haya ndiyo matunda. Wamenipigia makofi. Nilikaa chini nikaangalia vidole vyangu.

Barabarani wanamtania Baba Minza hata kabla hajarudi. Amezima moto kwa dhahabu, wanasema. Vijana wawili nimewakuta na beseni wakikwangua majivu mlangoni kwake waende wakayaoshe. Nimewafukuza kwa mawe. Mimi, mwalimu, kwa mawe.

Habari kutoka Kahama: Shija yupo. Homa. Wanasubiri.

Hakuna anayejua habari ya namba ila Minza, na Minza haoni kosa. Kwake mimi sijakosea. Ningenyamaza, ingeishia hapo. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi mpaka sasa. Naandika ili lisije likanipita kimya kimya: nimelifikiria sana.


Ijumaa, 18 Oktoba

Mawingu mazito, joto, mvua haishuki.

Nimefuta ubao wote. Nimewaambia, "Nilikosea. Hatua nilizowapa zimekaa vibaya. Ya kwanza ni kutoka, na kumtoa aliye karibu. Ya pili ni kupiga kelele. Kuzima ni kazi ya mtu mzima. Mtoto hazimi petroli. Mtoto hazimi chochote."

Walinitazama. Halafu Kulwa:

"Lakini mwalimu, wewe mwenyewe ndiyo ulisema."

"Nilisema. Nilikosea."

"Sasa kwenye mtihani tuandike ipi?"

Shaabani akamwambia, "Mjinga wewe, moto hauna mtihani." Walicheka. Mimi sikuweza.

Niliwaambia waimbe mpya. Walianza mpya, wakafika katikati, makofi yakawarudisha kwenye ya zamani. Mara tatu. Midomo inajua njia yake. Nilipiga meza. Wakanyamaza wote, na mmoja wa mbele akaanza kulia, nikajisikia vibaya zaidi.

Basi nimeacha wimbo. Nimeacha maneno yote. Nimesema nikipiga filimbi, toka. Nimepiga. Wamekwama mlangoni, mmoja juu ya mwingine, vicheko. Tena. Tena. Mara kumi na nne. Mara ya mwisho wametoka wote kabla sijahesabu hamsini, kila mmoja ameshika shati la mwenzake. Hakuna aliyeimba.

Mwalimu Mkuu aliniita. Hakupenda. "Mwalimu haombi radhi kwa darasa la tatu. Kesho watakuambia na jedwali la kuzidisha umekosea." Nilimwambia kwamba likiwa na kosa nitalifuta. Amesema nikalale, macho yangu ni mekundu. Sijui kama alinifukuza au alinihurumia.


Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeshindwa kula. Nimenunua ndizi na maziwa ya kupeleka Kahama. Nauli ipo.


Jumapili, 20 Oktoba

Mvua ndogo alfajiri, imekatika kabla ya saa moja.

Hospitali. Wodi ina vitanda vingi, nilimtambua Mama Minza kwa mgongo. Shija amelala chali, miguu imefunikwa na chandarua cha waya ili shuka isimguse. Homa imeshuka jana. Muuguzi amesema miguu itabaki, ngozi itachukua muda mrefu, atatembea tena, ila atachelewa. Nilimwomba aniambie tena. Ameniambia tena.

Njiani nilikuwa nimepanga la kusema, kwanza hili, halafu lile. Lilitoka lote kwa pamoja. Nimesema hatua zilikuwa zangu. Nimesema niliweka kutoka mwishoni, na kwamba Minza alifuata nilivyomfundisha, neno kwa neno, ndiyo maana Shija alibaki ndani. Nimesema Ijumaa ile nilikuja kwenu kusema mtoe madumu, sikusema, kwa sababu ya kamati.

Mama Minza hakunitazama. Alikuwa anapanga ndizi kwenye sahani, moja moja.

"Namba uliandika wewe," alisema. "Na petroli uliiweka wewe?"

Sikujua kama ananisamehe au ananiambia nisijipe ukubwa. Nafikiri hakuwa ananisamehe.

Baba Minza alikuwa amesimama ukutani, shati lile lile la Jumatano. Hakuna aliyemtania huku. Halafu akasema akiwa ameelekea dirishani.

"Mchanga ulikuwa mlangoni, mwalimu. Mwanangu akaupita mara tatu. Aliniogopa mimi kuliko moto."

Mama Minza akamwambia akae. Akakaa. Shija akaamka, akaomba ndizi, na wote watatu tukaanza kumenya kwa wakati mmoja.


Jumanne, 22 Oktoba

Mvua tangu usiku, ya taratibu. Vumbi limelala. Bati la darasa la tatu linavuja mahali pawili tu.

Minza amerudi shuleni. Viganja vimefungwa nyeupe, hawezi kushika kalamu. Nimemkalisha mbele. Hakuna aliyemuuliza kitu mpaka mapumziko, kisha wakamuuliza vyote. Nilimsikia akisimulia. Hakujiongezea.

Tumefanya zoezi la filimbi hata kwenye mvua. Minza hakuwa anajua. Nilipopiga, aligeuka kwanza akaangalia ubaoni. Ubao ulikuwa mtupu. Kulwa akamshika mkono juu ya bandeji, kwenye kiwiko, akatoka naye.

Baadaye alinijia mezani.

"Mwalimu, sasa ya kwanza ni kutoka."

"Ndiyo."

"Na Shija akiwa amelala?"

"Unatoka naye."

"Akiwa mzito?"

Sikuwa nimeipanga hiyo. Nilimwambia asimame pale mlangoni kwa nje, apige kelele, asiache, mtu atakuja.

"Nani?"

Nikasema mimi.

Aliitikia kwa kichwa akaenda kukaa. Aliniamini, na hilo ndilo lililonisumbua mchana wote.

Minza na baba yake wamehamia kwa muda kwenye chumba cha nyuma cha Mama Zuhura; mama bado yuko Kahama na Shija. Madumu hayapo. Baba Minza ameyatoa, anauzia karibu na stendi, kwenye kibanda cha bati chenye pande mbili wazi. Bado ni chupa, bado ni petroli, lakini hakuna anayelala juu yake.

Saa kumi na mbili mvua ilipopungua nimetoka mlangoni kwangu nikatembea mpaka mlangoni kwao nikihesabu. Hatua mia nne na kumi na mbili. Nikarudi, nikakimbia. Dakika tatu kwenye matope. Dakika tatu ni nyingi mno. Mtoto hawezi kunisubiri mimi.

Nikaanza upya, safari hii mlango kwa mlango. Kati yangu na wao kuna milango kumi na tisa. Nilibisha. Kwa wazee nilitoa shikamoo, kwa Wasukuma wenzangu mwadila, kwa wengine hodi na habari za mvua. Nilimwambia kila mmoja jambo lile lile, kwamba akisikia mtoto anapiga kelele upande wowote, atoke, asiulize ni wa nani. Wengine walicheka. Mwanamke mmoja alisema yeye hutoka siku zote, sema mimi ndiye sijawahi kumwona. Fundi cherehani aliuliza kama ni agizo la serikali. Nikamwambia hapana, ni ombi. Akasema basi atatoka.

Kumi na sita wamekubali. Watatu hawakuwepo. Mama Zuhura hakuhitaji kuambiwa. Alinipa chai ya tangawizi, tukakaa tukisikiliza mvua, na Minza upande wa pili wa pazia akisoma kwa sauti kitabu alichofunguliwa na baba yake.

Nimerudi, nimeosha miguu, nimetundika sketi. Jiko nimelitoa nje. Mlango nimeujaribu mara moja, unafunguka vizuri.

Saa tatu na dakika arobaini. Nalala.